Sauti Nyembamba

Migori,
8 Januari 1995

Shemeji Cephas,

Salamu kwako, kwa dada yangu Milka na kwa Orpah wenu. Hapa Migori hakuna aliyelala kitandani, na mahindi yote yameingia ghalani. Ninyi ndio mnaonitia wasiwasi. Milka aliniandikia kabla ya Krismasi kwamba unakohoa, kwa mstari mmoja tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nijibu hilo kwanza, ndipo unijibu yanayofuata.

Yule mhandisi Mzungu wa mradi wa maji, ambaye nimemtunzia stoo miaka hii yote, ameondoka. Mkataba umekwisha. Siku ya mwisho aliniita kwake akanipa katoni iliyokuwa bado imefungwa kwa utepe. Ndani mna spika nne: mbili kubwa za inchi nane, na mbili ndogo zenye kuba la kitambaa laini kama utando wa yai. Mna pia mfuko wa koili na kapasita za kugawia sauti, ili nene iende kwenye spika kubwa na nyembamba iende kwenye ndogo. Masanduku hayamo. Iko michoro tu, na mnunuzi anatakiwa ajijengee. Mhandisi aliagiza akidhani atajenga jioni baada ya kazi, jioni zikamwishia. Aliniambia zikijengwa vizuri utamsikia mwimbaji kana kwamba ameketi kwenye kiti chako.

Mimi ni mtu wa stoo, najua kuhesabu nati. Wewe ni fundi wa redio, na Homa Bay wanasema hufungui redio yoyote kabla ya kuisikiliza, kama daktari na kifua. Tena ulisoma useremala shuleni. Napendekeza hivi: mimi nitalehemu kile kibao cha kugawa sauti, maana ni kazi ya kufuata mchoro bila kuongeza neno. Wewe ujenge masanduku. Yakiisha yakae kwako mpaka nyumba yangu ipate umeme. Naambatanisha mchoro niliounakili kwa rula. Vipimo nimevihakiki mara mbili.

Shemeji yako,
Maroa


Homa Bay,
22 Januari 1995

Ora Maroa,

Nakuita shemeji kwa Kijaluo, nawe ukitaka kulipiza nijibu kwa Kikuria, tuone nani atamwita mkalimani. Milka anakusalimu. Orpah anauliza kama mjomba wake bado ana ile baiskeli isiyo na kengele. Ziwa limetulia na omena ni tele, kwa hiyo paka wa mtaa wote ni wanene.

Kikohozi umekiuliza. Nitakijibu mara moja kisha tukiache, maana mwanamume hamwandikii kaka wa mke wake habari za kifua chake. Hospitalini wameona kifua kikuu. Kila asubuhi naenda nadungwa sindano na kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Sindano ni za miezi mitatu, baada ya hapo ni vidonge peke yake. Milka na Orpah walipimwa, ni wazima. Basi, mambo ya mwili yamekwisha.

Sasa sanduku. Mchoro wako unataka mbao za kushindiliwa, nzito, ambazo hapa hazipatikani. Plaiwudi ipo, lakini plaiwudi huimba. Ukiigonga inakujibu, na sanduku la spika halitakiwi kujibu kitu. Nimefikiri juma zima. Nitajenga kuta mbili za plaiwudi, moja ndani ya nyingine, na katikati nitajaza mchanga wa ziwa uliokaangwa mpaka ukauke kabisa. Mchanga hauimbi, ora. Mchanga husikiliza tu.

Nilimwomba Milka sufuria yake ya ugali ya kukaangia. Alisema nikiigusa nitapakuliwa mchanga huo huo na omena juu yake. Nimetafuta sufuria nyingine.

Lete spika. Nazitamani kama mtoto.

Ora wako,
Cephas


Migori,
11 Februari 1995

Shemeji Cephas,

Nimefurahi kwamba ugonjwa umejulikana jina na dawa imeanza. Sitauliza tena, ila fuata dawa kama ninavyofuata mchoro.

Hamud, yule muuza vitambaa hapa sokoni, huja Homa Bay kila Jumamosi. Amekubali kubeba katoni miguuni mwake, wala hatairuhusu ipande juu ya gari. Nimefunga spika ndogo kwa khanga ya mke wangu. Usibonyeze yale makuba kwa kidole, hata kama kidole kinakutuma.

Vibao vya kugawa sauti viko viwili. Kila kiungo nimekilehemu, nikakivuta, nikakilehemu tena.

Shemeji yako,
Maroa


Homa Bay,
26 Februari 1995

Ora,

Tumeamka salama na tunashukuru. Orpah ameng'oka jino, analionyesha kwa wapita njia.

Kulehemu kwako nimekuona. Umepaka risasi ya kulehemia kama mtu anayepaka siagi ya bure. Lakini hakuna kiungo kilicholegea, kwa hiyo nanyamaza.

Sanduku la kwanza limekamilika. Limenifikia kifuani, nalo ni zito, vijana wawili walilibeba kutoka uani wakaomba wapumzike mlangoni. Gundi niliibana kwa mipira ya baiskeli iliyokatwakatwa, nikaiviringisha kama bandeji. Ndani nimejaza sufi ya mto wa zamani. Mchanga tulikaanga mimi na Milka kwa zamu uani, tukiupepeta kwa chekeche la unga, na majirani walikuja kuuliza kama sasa tunauza mchanga wa kula.

Nikaunganisha na redio kaseti ya dukani, nikaweka kanda ya gitaa, ile ninayotumia kupimia redio za watu kwa kuwa naijua kama njia ya kwenda choo. Maroa, kanda ile sikuwa nikiijua. Nilimsikia mpigaji akihamisha kidole kwenye uzi, ule mkwaruzo mdogo kabla ya noti. Nilisikia midomo ya mwimbaji ikiachana kabla hajaimba. Mahali fulani nyuma yao mtu alisogeza kiti. Miaka kumi nimeicheza kanda hiyo na sikujua kwamba mle chumbani mlikuwa na kiti.

Milka alisimama mlangoni na mikono yenye unga mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema turudie.

Nitaanza la pili kesho.

Ora wako,
Cephas


Homa Bay,
12 Machi 1995

Ora Maroa,

Salamu za nyumba yote. Sisi tupo.

La pili limekwisha, lakini lina kasoro, na kasoro haiko kwenye mbao. Ile spika ndogo haitoi sauti nyembamba ipasavyo. Kubwa inanguruma vizuri, lakini juu pamefunikwa blanketi. Nimebadilisha waya, hali ni ile ile. Nadhani kuba liliguswa safarini, au kibao chako cha pili kilichoka kulehemiwa. Nakurudishia vyote viwili kwa mkono wa Hamud. Vipime.

Hilo tu limeniudhi. Mwili unaendelea, nimeongezeka nyama usoni.

Cephas, ora wako


Migori,
16 Machi 1995

Shemeji Cephas,

Hapa sote tu wazima, na mvua za kwanza zimeshuka.

Nimevipima. Kwenye mita spika ndogo inasoma sawasawa na karatasi ya kiwandani. Kibao nacho ni sawa, kiungo kwa kiungo. Halafu niliiunganisha na redio yangu nikaitega sikioni. Inatoa sauti kama chururu ya maji. Mke wangu aliisikia akiwa jikoni.

Inarudi kwako kama ilivyokuja. Nakushauri jaribio moja: badilisha spika ndogo za masanduku yote mawili, ya kushoto iende kulia. Kasoro ikihama na spika, spika ni mbovu. Ikibaki, tutazame sanduku. Na umwite Milka asimame pale unaposimama, akuambie anachosikia. Masikio manne yatatuondolea ubishi.

Shemeji yako,
Maroa


Homa Bay,
19 Machi 1995

Ora,

Kwema. Nimefanya jaribio lako, na limenipa jibu ambalo silielewi. Sasa zote mbili ni mbovu. Hata lile sanduku la kwanza, lililonipa kile kiti, limefunikwa blanketi. Kidole cha mpiga gitaa hakikwaruzi tena. Kwa hiyo nimefanya ufundi wangu. Kile kipande kwenye kibao chako kinachopunguza nguvu ya spika ndogo nimekiondoa, zipate nguvu zote. Imesaidia kidogo.

Milka anasema sasa sauti inamkata kama wembe, na Orpah huziba masikio na kukimbilia uani. Nimewaambia kwamba hawajazoea vitu vizuri.

Mengine ni madogo. Kichwa kinanizunguka nikiinuka ghafla. Na mwaka huu nyenje wameadimika huku, mvua imenyesha na hawajalia hata mmoja. Wazee watasema ni dalili ya njaa.

Niandikie kama una wazo.

Cephas, ora wako


Migori,
22 Machi 1995

Cephas,

Salamu zitakuja barua nyingine. Soma hii yote ukiwa umeketi.

Nilipofika pale kwenye nyenje niliiweka barua chini. Nimezipanga barua zako zote mezani kwa tarehe. Mwezi wa Februari ulisikia kiti kikisogezwa nyuma ya wimbo. Machi husikii spika moja, kisha husikii zote mbili, na mwisho husikii wadudu. Milka anasikia, Orpah anasikia, mimi nilisikia. Shemeji, spika ni nzima.

Nilikwenda kwa jirani yangu Sista Caren, muuguzi wa miaka mingi, nikamweleza bila kutaja jina. Hakunisubiri nimalize. Alisema sindano ile ya kifua kikuu huweza kuua masikio, na huanza na sauti nyembamba za juu kabisa, ndiyo maana mtu hajui mpaka imeshuka kwenye maneno ya watu. Kizunguzungu pia hutokana nayo. Akaniuliza, "Wanapomuuliza kama masikio yanalia, anajibu nini?" Je, wanakuuliza? Unawajibu nini?

Sasa sikiliza la muhimu. Alisema dawa ipo nyingine. Ukiwaambia, wataondoa sindano wakupe vidonge badala yake. Ni kuwaambia tu. Usiache matibabu. Anayeacha katikati hugeukiwa na ugonjwa ukiwa na meno mapya, tena huwagawia wanaolala naye nyumba moja. Waambie kesho asubuhi. Kama ni aibu, mpe muuguzi barua hii aisome.

Shemeji yako,
Maroa


Homa Bay,
2 Aprili 1995

Ora Maroa,

Nimepokea, na nimeketi kama ulivyosema. Tu wazima, ukiondoa ninayokuandikia.

Uko sahihi. Nilijua siku tatu kabla ya barua yako. Mama mmoja alileta redio dukani, akaniambia inalia kama mbu. Nikaitega, hailii. Nikamwambia haina kitu, aende. Akamwita mwanawe, mwanawe naye akasema inalia. Walinitazama, ora. Wakaibeba redio yao wakavuka barabara kwa fundi mwingine.

Muuguzi huuliza kila asubuhi. Mimi hujibu hapana, kama wote kwenye foleni, maana foleni ni ndefu na kila mtu anataka kwenda zake. Na nilikuwa sijui. Nilidhani ni spika.

Basi nimeacha. Si sindano tu, nimeacha kwenda. Usiniambie nirudi nikawaeleze. Nimewaona walioruka siku. Aliyekatiza huanzishwa upya, sindano ya kwanza, miezi mitatu mingine. Masikio yaliyobaki yatakwisha. Kikohozi hakipo, nakula, napanda mlima bila kusimama. Kifua kimepona, na nitakilinda.

Utasema bora uhai. Lakini nipime kwa kipimo changu. Fundi akifa, watu husema alikuwa fundi. Akiwa kiziwi watasema alikuwa nani?

Nina ombi moja, nakuomba kama ora. Milka asijue. Nikitoka asubuhi anaamini naenda hospitalini, nami naenda dukani. Ukimwambia, nyumba yangu haitakuwa nyumba tena. Kati ya mashemeji kuna heshima, na mimi sijawahi kukuomba kitu.

Cephas


Migori,
9 Aprili 1995

Shemeji,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hukunielewa, au umekataa kunielewa. Hawatakudunga tena ukiwaambia. Sista Caren ameniapia. Umekosa majuma machache tu, nenda kabla hayajawa miezi. Unalinda masikio kwa kukataa kufungua mdomo.

Kuhusu Milka, umeniweka mahali pabaya. Yeye ni dada yangu, wewe ni mwenye mji wake. Kwetu mtu haingii kati ya dada yake na mumewe ila amekuja na mkuki. Sitaki kuja na mkuki. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikupeleke mpaka mlangoni. Mpaka siku hiyo nimefunga mdomo.

Maroa


Migori,
30 Aprili 1995

Shemeji Cephas,

Nilifika salama jana, na mvua ilinikuta njiani, pale Uriri. Mwambie Milka kwamba samaki wake bado namsema hapa, na mke wangu amechoka kunisikia.

Naandika ili kitu kilichofanyika kiwe kimeandikwa. Tuliketi sebuleni na ukanichezea ile kanda ya gitaa. Nilisema ni nzuri. Shemeji, haikuwa nzuri. Sauti ya juu ilinichoma kwenye meno, na nilimwona Orpah akipenya kimya kimya kuelekea uani. Nilisema ni nzuri kwa kuwa ulikuwa ukinitazama usoni jinsi mtu anavyomtazama hakimu. Milka alikuwa amesimama nyuma yako. Ningeweza kusema lote pale pale, naye alikuwa karibu kiasi cha kushika mkono. Nikala samaki.

Kisha tukatembea mpaka hospitalini. Nilitaka kuingia nawe, ukasema mtu mzima haongozwi kama ng'ombe wa dipu anayepelekwa kuogeshwa. Nikakubali. Nilikuona ukiingia langoni ukiwa na kadi yako mkononi, nikaenda kutafuta gari moyo umetua.

Nijulishe walichokuambia.

Shemeji yako,
Maroa


Homa Bay,
21 Mei 1995

Ora Maroa,

Salamu nyingi. Mambo ni shwari na biashara imechangamka. Ukiniona sasa utasema nimekuwa chifu, mkanda nimeusogeza tundu mbili. Masikio hayajazidi kuharibika. Yamesimama hapo hapo, na redio nyingi nazitibu kwa kutumia mita na kumwita kijana wa jirani anisikilizie kidogo.

Masanduku nimeyapaka vanishi ya mwisho. Watu huja kuyatazama tu. Mwalimu wa kwaya alitaka kuyaazima nikamwambia aazime kwanza mke wangu.

Milka ana mafua, ni vumbi la msasa. Nilimwambia asisimame karibu.

Hospitali usijali.

Ora wako,
Cephas


Migori,
28 Mei 1995

Cephas,

"Usijali" si jibu. Unameza vidonge au humezi? Nataka neno moja. Na mafua ya Milka yamekaa siku ngapi?

Maroa


Migori,
25 Juni 1995

Cephas,

Hamud anasema barua ya mwezi jana alikupa mkononi. Anasema pia Milka hakuwa sokoni Jumamosi mbili. Niandikie, au umwambie yeye aniandikie.

Maroa


Homa Bay,
17 Septemba 1995

Ora Maroa,

Salamu, kama bado unazipokea kutoka kwangu. Kwenye mazishi ya dada yako hukunipa mkono. Sikukulaumu. Uliondoka kabla ya chakula, nami nilikuwa nimepanga kukueleza baada ya chakula, kwa hiyo naandika.

Siku ile uliponisindikiza niliingia langoni kama ulivyoona. Niliketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje mpaka nilipokisia gari lako limejaa, nikatoka. Wa hospitalini walimtuma mtu dukani kunitafuta. Nilimwambia nimehamishia matibabu Migori, kwa shemeji yangu. Nilitumia jina lako.

Milka alipoanza kukohoa nilijua. Wengine walisikia mafua. Mimi nilisikia kikohozi changu mwenyewe kikitoka kifuani mwake, noti ile ile, mahali pale pale pa kukatikia. Hiyo si sauti nyembamba, hiyo nilikuwa naisikia vizuri kabisa. Nikaiita vumbi. Niliiita vumbi mwezi wa Mei na mwezi wa Juni, na barua zako mbili niliziweka chini ya mita.

Yeye naye alinisaidia kudanganyika. Alikohoa akiwa ameziba mdomo kwa kitenge, akasema asingependa kunirudishia ugonjwa mimi niliyekwisha pona.

Tulimpeleka Julai, alipotema damu. Alikuwa amekonda mno, na damu walipoipima waliona na jambo la pili ambalo sitaliandika. Wamenipima na mimi, ni hilo hilo. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Daktari alisema kifua ndicho kilichomwangusha, kingeletwa mapema kingetibika. Akamuuliza nani nyumbani amewahi kuugua. Milka akasema, "Mume wangu, lakini yeye alipona. Huenda kwenye dawa kila asubuhi, hajakosa hata siku moja."

Nilikuwa nimesimama hapo. Muuguzi alinijua. Alinitazama, kisha akaangalia dirisha.

Masanduku uliyaona kule bomani kwetu. Vijana wa nyumbani walinifuata wakasema marehemu hawezi kulala kimya, bila muziki wa matanga, wakayabeba mpaka uwanjani, wakayafunga kwenye jenereta na mashine kubwa ya kukodi. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Kwenye wimbo wa pili watu walisema zile spika ndogo zimekufa, zote mbili. Mimi sikusikia tofauti.

Nimeanza upya. Siku ya kwanza muuguzi aliniuliza kama masikio yanalia, nikasema ndiyo. Alikata mstari juu ya neno sindano kwenye kadi, akaandika vidonge, akaita jina linalofuata. Hakuinua hata kichwa. Machi ingechukua muda ule ule.

Kwa hiyo bado nasikia, ora. Nilikaa na Milka asubuhi yake yote ya mwisho mpaka adhuhuri. Mama yangu na wanawake wengine walikuwa wakiongea mle chumbani, na walidhani amelala. Mimi nilisikia pumzi ilipokoma. Nilisikia peke yangu, na nilikaa kidogo kabla sijawaambia.

Nipige kwa maneno yoyote unayotaka, lakini niandikie.

Cephas


Migori,
24 Septemba 1995

Cephas,

Sina maneno ya kukupiga nayo. Ningekuwa nayo ningeanza na mimi, kwa kuwa nilijua tangu Aprili, nikala samaki wa dada yangu nikaondoka. Uliniomba heshima ya mashemeji na nilikupa yote. Mama yangu ameniuliza kama nilikuwa najua, nikamwambia nilijua. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kunitazama.

Mabaki ya masanduku siyataki. Fanya nayo utakavyo.

Naandika kwa jambo moja. Kwenye mazishi Orpah alikaa mapajani mwangu tangu mahubiri mpaka kaburi. Alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kulia. Ulikuwa umesimama mbali, labda hukusikia, au labda ulisikia ukakiita vumbi.

Jumanne mlete Migori. Chukua gari la kwanza. Nitakuwa kituoni, na Sista Caren atatungojea kwenye zahanati anakofanya kazi. Tutaingia sote watatu. Wakiuliza nani nyumbani aliugua, wewe utajibu, tena utataja na mwezi ulioacha. Ukinyamaza nitajibu mimi. Nimeshamweleza Sista Caren kila kitu, na majina yote nimeyataja.

Mwambie Orpah alete sweta, asubuhi huku kuna baridi. Na kama Jumanne hamtashuka kwenye gari hilo, mimi nitapanda linalorudi, nije nimchukue mbele ya mama yako na ukoo wako wote.

Mjomba wa Orpah,
Maroa